Krotoni Iliyopukutisha Majani na Kuchipua Kijani: Jibu kwa Msomaji Anayetaka Kichaka cha Rangi Kisicho na Shughuli Nyingi

Swali: Nilitaka kichaka kimoja tu cha kudumu, kisichopukutika, chenye majani ya rangi, ambacho hakitanidai muda nisio nao. Niliuziwa krotoni yenye majani mekundu na ya chungwa, nikaambiwa kwamba ni mmea mgumu usiokufa. Nimeiweka kwenye chungu barazani, mahali pasipopigwa na jua ili isiungue, naimwagilia asubuhi na jioni, na wiki ya pili niliitilia mbolea ya chumvichumvi ya kukuzia. Mwezi haujaisha, nusu ya majani yameanguka, na machache yanayochipua ni ya kijani kabisa. Je, nilidanganywa, au nimekosea mahali?

Jibu: Hukudanganywa, ila uliambiwa nusu ya habari. Krotoni ni mmea mgumu ukishazoea mahali pake. Kabla ya hapo ni mwepesi wa kususa kuliko mimea mingi ninayoifahamu. Katika maelezo yako naona mambo matatu ambayo umeyachukulia kuwa ugonjwa mmoja, na kila moja lina asili yake. Majani yaliyoanguka ni matokeo ya kuhamishwa. Majani mapya ya kijani huenda yasiwe kasoro hata kidogo, kwa sababu nitakayoieleza. Jambo la hatari hasa ni lile ulilolifanya kwa wema, yaani maji ya asubuhi na jioni pamoja na mbolea juu ya mizizi ambayo ilikuwa haijatulia. Kabla hujaendelea kusoma, acha vyote viwili, na uhakikishe kwamba kisahani kilicho chini ya chungu hakina maji yaliyotuama.

Nianze na majani yaliyoanguka. Krotoni nyingi zinazouzwa zimelelewa kitaluni, katika joto lisilobadilika sana, hewa yenye unyevu mwingi na mwanga uliochujwa kwa wavu. Mmea ukitolewa humo na kupelekwa kwenye upepo, hewa kavu au mwanga tofauti, majani yaliyojengeka kwa ajili ya hali ya kwanza huwa hayafai tena kwa hali ya pili, na mmea huyaachia. Haubadilishi jani lililokwisha kukomaa. Hulitupa na kuunda jingine linalolingana na mahali ulipo sasa. Huo ni mchakato wa wiki kadhaa, na mwenye mmea anachotakiwa kufanya ni kuvumilia. Watu wengi hufanya kinyume chake: majani yakianza kudondoka, chungu huhamishiwa dirishani, kesho yake uani, wiki ijayo chini ya mti, na kila mara mmea unalazimika kuanza upya. Chagua mahali pamoja panapofaa, kisha usiusogeze.

Sasa rangi, ambalo ndilo jambo lililokufanya uununue mmea huu na ndilo lisiloeleweka kwa wengi. Rangi ya jani la krotoni ni kazi ya makundi matatu ya vitu: klorofili, ambayo ni ya kijani, karotenoidi, ambazo ni za njano na chungwa, na anthosianini, ambazo hutoa wekundu hadi zambarau iliyokolea. Katika aina nyingi za krotoni jani changa hutoka likiwa la kijani au kijani chenye mistari ya njano. Kadiri linavyokomaa, na iwapo linapata mwanga wa kutosha, klorofili hupungua katika baadhi ya sehemu zake, njano iliyokuwa imefichwa hujitokeza, kisha anthosianini hujengeka na jani kuingia kwenye chungwa na hatimaye wekundu. Ndiyo maana katika kichaka kimoja kilichostawi utaona kilele cha kijani na njano, katikati pana rangi ya chungwa, na chini kuna majani mekundu yanayokaribia weusi. Mmea wako umepoteza majani yake ya chini, yaani yale yaliyokuwa yamezeeka na kukolea, ukabakia na machanga ambayo hayajafikia umri wa kugeuka. Kwa mtazamaji inaonekana kana kwamba rangi imetoweka, ilhali kwa kiasi fulani rangi hiyo haijafika bado.

Nasema kwa kiasi fulani kwa sababu barazani pasipo na jua rangi hiyo haitafika. Mmea ulio katika mwanga hafifu hauna sababu ya kupunguza klorofili. Hiyo ndiyo inayounasa mwanga na kuutengenezea chakula, na mwanga unapokuwa mchache mmea huihitaji kwa wingi. Anthosianini nazo hujengeka zaidi jani linapopigwa na mwanga mkali, na wataalamu wengi wa mimea huzieleza kuwa sehemu ya kinga ya jani dhidi ya mwanga uliozidi. Kwa hiyo kivuli ulichokichagua ili kuilinda rangi ndicho kinachoizuia. Krotoni nyingi zenye wekundu huhitaji angalau saa nne hadi sita za jua kwa siku, na jua la asubuhi ndilo bora kwa mmea ulio chunguni, maana lina nguvu ya kutosha bila ukali wa mchana. Zipo aina zinazostahimili mwanga mdogo zaidi, kama ile iitwayo Gold Dust, yenye majani ya kijani yaliyonyunyiziwa madoa ya njano. Lakini hata hiyo, ikikaa gizani mno, madoa hupungua na matawi hurefuka yakiutafuta mwanga.

Usiutoe barazani leo na kuuweka juani kesho. Majani yaliyotokea kivulini yakipigwa ghafla na jua la mchana huungua, na utaona mabaka makavu ya rangi ya majani makavu ya migomba ambayo hayaponi kamwe. Mpe mmea wiki mbili hadi tatu: kwanza saa moja au mbili za jua la asubuhi, kisha uongeze taratibu hadi ufike mahali pake pa kudumu. Nafahamu kwamba muda mfupi uliopita nimekukataza kuusogeza mara kwa mara. Tofauti ni kwamba huku ni kuusogeza kuelekea upande mmoja, mara moja, kwa utaratibu. Kule kulikuwa ni kuhangaika.

Kuna ukijani mwingine ambao haupaswi kuusubiri ugeuke. Aina nyingi za mimea yenye majani ya rangi zilianza kama tawi moja lililobadilika lenyewe juu ya mmea wa kawaida, na mtu mwenye jicho zuri akalikata na kulizidisha kwa vipandikizi. Tabia hiyo inaweza kurudi nyuma. Siku moja utaona tawi zima, lenye majani makubwa na yenye afya, ambayo yanabaki ya kijani hata yakizeeka ilhali mengine yote yanakolea. Tawi hilo likate hadi pale lilipoanzia. Kwa kuwa lina klorofili nyingi zaidi hukua haraka kuliko wenzake, na likiachwa linaweza kuutawala mmea mzima baada ya misimu michache.

Inafaa ujue mmea huu unatoka wapi, kwa kuwa mahitaji yake yote yanatokana na asili hiyo. Jina lake la kitaalamu ni Codiaeum variegatum, na kwao ni visiwa na misitu ya joto kuanzia Malaysia na Indonesia hadi Papua New Guinea, kaskazini mwa Australia na visiwa vya magharibi mwa Pasifiki. Linnaeus, mtaalamu wa Uswidi aliyeipa mimea majina ya kitaalamu, aliuingiza mwaka 1753 katika kundi la Croton, na ingawa baadaye uliondolewa humo na kupewa kundi lake, jina la zamani halikubanduka midomoni mwa watu. Kundi la Croton lenyewe lipo, lina spishi zaidi ya elfu moja, na ndimo unamotoka mmea uitwao Croton tiglium, ambao mafuta ya mbegu zake ni dawa kali mno ya kuharisha. Nalitaja hili kwa sababu nimewahi kuulizwa, na si mara moja, kama majani ya krotoni ya bustanini yanaweza kuchemshwa na kunywewa. Hayafai. Utomvu wake unawasha ngozi ya baadhi ya watu, na ukitafuna gome au mizizi huunguza mdomo. Wenye watoto wadogo au wanyama wanaotafuna kila kitu wapande mbali na wanapocheza.

Mmea uliozoea mvua nyingi za misituni si lazima uwe unapenda maji yaliyotuama, na hapa ndipo mimea mingi ya vyunguni hufia. Katika msitu maji hushuka, hupita katikati ya udongo wenye majani yaliyooza, na kuondoka; mizizi hubaki na unyevu pamoja na hewa. Katika chungu kinachomwagiliwa mara mbili kwa siku, nafasi zote za hewa hujaa maji, mizizi hukosa pumzi, huwa ya kahawia na laini, kisha huanza kunuka. Jambo linalochanganya ni kwamba mmea uliooza mizizi hunyauka sawasawa na mmea wenye kiu, kwa kuwa hauna tena kitu cha kunyonyea, na mwenyewe akiona umenyauka huongeza maji. Njia ya kuamua ni kidole. Kizamishe udongoni kiasi cha sentimita tatu hadi tano. Ukikuta unyevu, ondoka zako. Ukikuta pakavu, mwagilia polepole hadi maji yatoke kwenye matundu ya chini, yamwage, na usirudie mpaka kidole kikuambie. Wakati wa joto hilo linaweza kumaanisha kila baada ya siku mbili au tatu, na wakati wa baridi mara moja kwa wiki au pungufu. Krotoni yenye kiu halisi hulegeza majani yakaning'inia, na ikinyweshwa huyainua tena baada ya saa chache. Kukosea kwa upande huo kunasameheka kuliko kukosea kwa upande wa pili.

Kuhusu mbolea sina mengi. Mbolea yenye naitrojeni nyingi huusukuma mmea kutoa majani mengi laini ya kijani, jambo ambalo wewe hulihitaji, na chumvi yake ikizidi chunguni huunguza mizizi. Pitisha maji mengi kwenye udongo mara moja tu ili kuisafisha chumvi hiyo, acha yachuruzike yote, kisha usahau habari ya mbolea kwa miezi mitatu. Baada ya hapo, koleo dogo la mboji iliyoiva juu ya udongo, mara mbili au tatu kwa mwaka katika kipindi cha ukuaji, linatosha. Kama majani machanga yanakuwa ya njano huku mishipa yake ikibaki ya kijani, kwa kawaida tatizo ni udongo wenye chokaa nyingi unaouzuia mmea kuchukua madini ya chuma. Krotoni hupenda udongo wenye uchachu kidogo, wenye kipimo cha pH kati ya 4.5 na 6.5, na dawa ni kuubadilisha udongo huo badala ya kuongeza mbolea ya kawaida.

Ulisema unataka kichaka kisicho na shughuli. Ikiwa unaishi mahali ambapo baridi haishuki chini ya nyuzi 10 za Selsiasi kwa muda mrefu, ushauri wangu wa dhati ni kwamba mmea huu uutoe chunguni na kuupanda ardhini, baada ya kutulia na kutoa majani mapya. Chungu ndicho kinachouzalisha usumbufu: hukauka upesi, hujaa maji upesi, hupata joto upesi. Ardhini mizizi hujitafutia yenyewe. Chimba shimo lenye upana mara mbili ya chungu na kina kinacholingana nacho, si zaidi, ili shina lisizame kuliko lilivyokuwa. Iwapo mizizi imezunguka ukutani mwa chungu kama kamba, ichane kwa vidole ielekee nje. Usishangae ukikuta mashina matatu au manne yaliyosimama peke yake. Ni kawaida kwa wauzaji kuchomeka vipandikizi kadhaa katika chungu kimoja ili mmea uonekane umejaa, na hakuna haja ya kuvitenganisha, maana utakata mizizi bila faida. Udongo wa mfinyanzi mzito uchanganye na mboji kwa eneo pana, au panda kwenye tuta lililoinuka. Weka matandazo ya majani makavu au maganda unene wa sentimita tano hivi, bila kuyagusisha na shina. Mwagilia kwa kina mara mbili kwa wiki kwa miezi michache ya kwanza iwapo hakuna mvua, kisha upunguze. Mwaka wa kwanza utakudai. Kuanzia wa pili, mahali penye mvua za kutosha, mmea unaweza kukaa miezi bila kuguswa, na ndio ugumu ule alioukusudia aliyekuuzia. Usitegemee ukimbie, kwa kuwa krotoni hukua polepole, mara nyingi chini ya sentimita 30 kwa mwaka, na hilo ni heri kwa mtu asiye na muda wa kupogoa. Ukiuacha, baada ya miaka mingi unaweza kufikia mita mbili hadi tatu. Kwa ua, panda miche ikiwa imeachana kwa sentimita 60 hadi 90.

Kupogoa kwenyewe ni kazi ya mara moja kwa mwaka, mwanzoni mwa kipindi cha joto au mvua, wakati mmea una nguvu ya kuchipua. Kata juu kidogo ya kifundo, yaani pale jani linapoungana na shina, na usiondoe zaidi ya theluthi moja kwa mara moja. Shina refu lililobaki uchi chini, kama lako linavyoelekea kuwa, hujaa tena kwa njia hii pekee. Jani lililodondoka halirudi mahali pake, bali kichipukizi hutoka kwenye kifundo kilicho chini ya mkato. Vaa glavu na nguo usizozithamini, kwa sababu utomvu wake huacha doa la kahawia ambalo sijaona sabuni iliyoliondoa.

Vipande unavyokata usivitupe. Ncha ya tawi yenye urefu wa sentimita 10 hadi 15, ikiachwa na majani matatu au manne ya juu tu na kuchomekwa kwenye mchanganyiko wa mchanga na mboji mahali penye joto, kivuli chepesi na unyevu, huota mizizi kwa wiki nne hadi sita. Mbegu hutoa miche, lakini miche hiyo haifanani na mama yake; ni bahati nasibu, na aliye na subira aijaribu. Kwa tawi nene upo ufundi wa zamani zaidi, nao unanifurahisha kila mara: menya pete ya gome yenye upana wa sentimita mbili hadi tatu, izungushie kuvumwani (ule mmea laini unaoota juu ya mawe na magome penye unyevu) iliyoloweshwa, ifunge kwa plastiki pande zote mbili, na uache. Baada ya wiki kadhaa utaona mizizi myeupe ikipita ndani ya plastiki, na unaweza kukata chini yake ukapata mmea mkubwa kwa siku moja.

Wadudu hawausumbui sana mmea ulio nje, ambako mvua huuosha. Barazani na ndani ya nyumba, adui mkuu ni utitiri, ambao ni wadogo kiasi cha kutoonekana vizuri kwa macho, hupenda hewa kavu, na hufanya majani yapauke na kuwa na vidoa vidogo vidogo huku utando mwembamba ukionekana upande wa chini. Osha majani pande zote mbili kwa maji yenye kasi, na kama hayatoshi nyunyizia maji ya sabuni laini jioni, ukirudia kila baada ya siku tano hadi saba mara tatu, kwa kuwa mayai hayaathiriki. Ukiona vinyweleo vyeupe kama pamba kwenye maungio ya jani na tawi, au vigamba vya kahawia vilivyoganda kwenye shina, hao ni wadudu wafyonzao. Wafute kwa kitambaa chenye spiriti. Weusi kama masizi juu ya majani ni ukungu unaoota juu ya utamu unaotolewa na wadudu hao, na hutoweka wakishaondoka.

Iwapo unaishi penye baridi ya kugandisha maji, maelezo haya ya kupanda ardhini hayakuhusu, kwa kuwa barafu huua krotoni. Huko kuna vichaka vingine visivyopukutika. Aucuba japonica ina majani ya kijani yenye madoa ya dhahabu na hupenda kivuli kile kile kinachoinyima krotoni rangi, kwani juani majani yake huwa meusi. Photinia iitwayo Red Robin hutoa majani mekundu yanayong'aa ambayo baadaye huwa ya kijani, yaani kinyume kabisa cha krotoni, kwa hiyo kwake kupogoa ndiko kunakoleta wekundu. Nandina nayo hubadilika kuwa nyekundu baridi inapoingia.

Kwa mmea wako wa sasa, kwaruza kwa ukucha gome la kila shina. Ukikuta kijani kibichi chini yake, shina hilo liko hai hata kama halina jani hata moja, na linaweza kuchukua wiki sita au nane kabla ya kuchipua. Ukikuta kahawia kavu, shuka sentimita chache ukwaruze tena, na ukate pale kijani kinapoanza. Ikiwa kahawia inaendelea hadi kwenye udongo katika mashina yote, toa mmea chunguni uangalie mizizi. Palipo na mizizi myeupe iliyo imara bado pana matumaini, ondoa iliyooza, uupande upya katika chungu kidogo zaidi chenye udongo mkavukavu, na uanze hesabu ya wiki sita kuanzia siku hiyo.